Noti Halali Isiyo na Mpokeaji

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya mwaka 2007 hakina kigugumizi. Anayekataa kupokea naira kama malipo ametenda kosa, na akipatikana na hatia hutozwa faini ya naira 50,000 au hufungwa miezi 6. Wanaotaka nchi zetu zitunge sheria ya kuwalazimisha wafanyabiashara kupokea pesa taslimu hawana haja ya kutafuta maneno makali kuliko hayo. Hata hivyo, mwanzoni mwa Machi 2023, katika masoko ya Lagos, Ibadan na miji mingine mingi, muuza mkate alikuwa akiletewa noti ya naira 1,000 ambayo Mahakama ya Juu ilikuwa imeitangaza halali siku chache tu nyuma, naye anatikisa kichwa. Mwenye okada, yaani bodaboda wao, anatikisa kichwa. Kituo cha mafuta kinaikataa. Na benki, ambayo ndiyo ingemaliza ubishi, nayo inamwambia mteja asubiri maelekezo kutoka juu.

Kisa cha namna nchi yenye watu zaidi ya milioni 200 ilivyofikishwa hapo kinatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Mjadala wetu wa pesa taslimu umezoea kumweka mwenye duka upande huu na mteja upande ule, kisha tunaulizana nani alazimishwe. Nigeria ilionyesha kwamba nyuma ya kaunta yupo mtu wa tatu asiyeonekana, na kwamba huyo ndiye mwenye neno la mwisho.

Mwanzo wake ulikuwa wa nia njema, au tuseme wenye sababu za kutosha. Tarehe 26 Oktoba 2022 Gavana wa Benki Kuu, Godwin Emefiele, alitangaza kwamba noti za naira 200, 500 na 1,000 zitabadilishwa sura. Alieleza kuwa kati ya naira trilioni 3.23 zilizokuwa kwenye mzunguko, trilioni 2.73 zilikuwa nje ya benki. Kwa lugha ya kawaida, zilikuwa chini ya magodoro, kwenye makabati na mifukoni mwa watu. Noti bandia zilikuwa zimezidi. Watekaji waliokuwa wakiwasumbua wasafiri na wanafunzi wa kaskazini walidai fidia kwa mabunda ya noti. Uchaguzi mkuu wa Februari 2023 ulikuwa mlangoni, na Wanaijeria wengi walisema wazi kwamba shabaha hasa ni wanasiasa waliokwisha kujaza ghala za noti za kununulia kura. Zaidi ya hapo, benki ilitaka wananchi wazoee kulipa kwa simu na kadi. Sarafu yake ya kidijitali, eNaira, ilikuwa imezinduliwa mwaka mmoja kabla, na watu wakaipita kama hawajaiona.

Rais Muhammadu Buhari alizindua noti mpya tarehe 23 Novemba, zikaanza kutolewa tarehe 15 Desemba. Waliotarajia sura mpya walikuta michoro ile ile iliyobadilishwa rangi. Za zamani zilipewa uhai mpaka tarehe 31 Januari 2023. Ukiondoa Krismasi, Mwaka Mpya na siku ambazo benki hazifunguliwi, zilibaki wiki chache za kubadilisha karibu fedha yote ya nchi yenye watu wengi kuliko zote barani, huku sehemu kubwa ya vijiji vyake ikiwa mbali na tawi lolote la benki. Na kabla noti mpya hazijatoka, benki ilikwisha kutangaza kwamba mtu binafsi asitoe zaidi ya naira 100,000 kwa wiki, na kwenye ATM asivuke 20,000 kwa siku. Zilipopigwa kelele, kiwango cha wiki kikapandishwa hadi 500,000. Ilikuwa huruma ya bure, kwani ilipofika Februari hata hizo 20,000 zilikuwa za kuota.

Watu walitii. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki kuliko foleni zenyewe. Serikali zetu hupenda kulalamika kwamba wananchi hawasikii, lakini Wanaijeria walisikia: walifungua makabati, wakapeleka akiba zao benki, wakaandikiwa risiti. Fedha iliyokuwa kwenye mzunguko, iliyozidi naira trilioni 3 mwezi Oktoba 2022, ilishuka ikawa chini kidogo ya trilioni 1 mwezi Februari 2023. Benki zilimeza noti za zamani kwa mkupuo, na mpya zikatoka kwa matone. Mtu aliyekuwa na naira 300,000 ndani ya sanduku, zake halali, sasa alikuwa na naira 300,000 kwenye skrini ya simu na hana nauli ya kumfikisha kazini.

Ndipo biashara mpya ikazaliwa. Mawakala wenye mashine za POS, wale wanaokaa chini ya mwavuli kama mawakala wetu wa simu, wakageuka wauza pesa. Ukitaka naira 10,000 za kushika mkononi, ulikatwa 1,000. Siku za ukame 2,000. Mahali pengine hata 3,000. Wanaijeria wenyewe walisema wananunua naira kwa naira. Mwenye mshahara wa kima cha chini, aliyelipwa kwa benki na anayeishi kwa kununua fungu moja la mihogo leo na kikopo cha mchele kesho, siku za ukame alipoteza sehemu ya tano ya kipato chake kwa kukigusa tu.

Mtu atasema: si walipe kwa simu? Walijaribu. Mifumo ya benki iliyojengwa kubeba sehemu ya miamala ikabebeshwa yote kwa siku chache, ikaelemewa. Pesa ilikatwa kwa mnunuzi isifike kwa muuzaji. Watu wawili walisimama mbele ya fungu la vitunguu, kila mmoja ameshika simu yake, mmoja akionyesha ujumbe kwamba ametuma na mwingine akionyesha kwamba hajapokea, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Muuzaji aliyemwamini mteja akamwachia mzigo aliweza kusubiri siku kadhaa kabla ya kujua kama amelipwa. Asiyemwamini alibaki na vitunguu vyake.

Nyanya hazisubiri hata hivyo. Wakulima wa kaskazini waliokuwa wakivuna msimu huo walikuta wanunuzi wamekuja na magari lakini hawana noti, na mkulima wa kijiji kisicho na mtandao hana kazi na ahadi ya kutumiwa. Wengi waliuza kwa bei ya kutupa, wengine wakaacha mazao yaoze. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipotoa hesabu za robo ya kwanza ya mwaka 2023, uchumi ulikuwa umekua kwa asilimia 2.31, kutoka 3.52 ya robo iliyotangulia, na kilimo kilikuwa kimesinyaa kwa asilimia 0.90. Ofisi hiyo haikuzunguka mbuyu. Iliutaja uhaba wa fedha taslimu kuwa chanzo cha kushuka huko.

Mitaani hasira zilikuwa zimefurika. Video za wateja wanaovua nguo ndani ya kumbi za benki, wakidai pesa zao, zilisambaa bara zima. Baadhi yetu tuliziona tukacheka, jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Ibadan, Abeokuta na Benin City kulizuka ghasia, na matawi ya benki yakashambuliwa.

Tufike sasa kwenye sheria, maana hapa ndipo funzo lilipo. Tarehe ya mwisho ilisogezwa kutoka 31 Januari hadi 10 Februari. Serikali za majimbo ya Kaduna, Kogi na Zamfara zikaenda Mahakama ya Juu, na tarehe 8 Februari mahakama ikaamuru noti za zamani zisifutwe kwanza. Tarehe 16 Februari Buhari alilihutubia taifa akasema noti ya 200 ya zamani itaendelea hadi 10 Aprili, lakini za 500 na 1,000 zimekwisha. Gavana wa Kaduna, Nasir El-Rufai, akawaambia watu wake waendelee kuzitumia. Kaskazini baadhi ya magavana walitishia kuwafungia biashara waliozikataa. Kwa hiyo kulikuwa na noti moja yenye hukumu tatu: rais anasema imekufa, mahakama inasema i hai, gavana anasema ukiikataa nakufungia duka. Muuza mkate afuate ipi?

Tarehe 3 Machi jopo la majaji 7 wa Mahakama ya Juu lilitoa uamuzi kamili: noti za zamani ni halali mpaka 31 Desemba 2023. Hukumu hiyo ilimlaumu rais kwa kutoheshimu amri ya awali. Wanasheria walishangilia. Sokoni hakikubadilika kitu. Kwa siku 10 nchi ilikaa na noti halali ambazo karibu hakuna aliyezitaka.

Waliocheza upatu wanajua unavyokufa. Hakuna anayetangaza kwamba mchezo umevunjika. Mtu mmoja husikia fununu kwamba mshika fedha hatatoa, akachelewesha mchango wake. Jirani akamwona, naye akapata udhuru. Kufikia jioni kila mtu ana sababu nzuri ya kutochanga, na kila mmoja ana haki. Noti nayo huishi kwa kuaminiana kwa mzunguko. Muuza mkate hapokei naira 1,000 kwa sababu anakijua kifungu cha 20. Anaipokea kwa kuwa muuza unga ataipokea kesho, naye muuza unga anajua mwenye kinu ataipokea, na mwenye kinu anajua kaunta ya benki itaipokea na kumwandikia. Kaunta hiyo ikisita, mwenye kinu anasita asubuhi, muuza unga mchana, muuza mkate alasiri. Mama mwenye sinia kichwani ndiye wa mwisho kupata habari, na kwa hiyo ndiye anayelala na noti ambazo wenzake wamekwisha kuzikimbia.

Kwa hiyo muuza mkate hakuwa mvunja sheria mkaidi. Alikuwa anahesabu vizuri. Mahakama ilimwambia noti ni halali, lakini mahakama haiuzi unga. Benki za biashara zilikuwa hazijapata maelekezo kutoka Benki Kuu, na Benki Kuu ilikuwa imenyamaza. Kumpeleka mahakamani kwa kifungu cha miezi 6 kungekuwa kumwadhibu mtu wa chini kabisa wa mnyororo kwa kosa la mtu wa juu kabisa. Tarehe 13 Machi Benki Kuu ilitoa taarifa fupi kwamba uamuzi wa mahakama utafuatwa na benki zimeelekezwa. Hapo noti zilianza kupokewa. Zile zile, na uchakavu wao ule ule. Sheria haikuongezewa hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba mwisho wa mnyororo ulifunguliwa.

Mwezi Juni mwaka huo rais mpya, Bola Tinubu, alimsimamisha kazi Emefiele. Mwezi Novemba ikatangazwa kwamba noti zote, za zamani na mpya, zitaendelea kuwa halali bila ukomo. Ghasia zote zile, ili mambo yarudi yalipokuwa.

Si kwamba kubadilisha noti hakuwezekani. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2019, na watu wengi hata hawakumbuki vizuri. Tarehe 1 Juni, Siku ya Madaraka, Gavana Patrick Njoroge alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma tarehe 1 Oktoba. Ni noti moja tu. Za 50, 100, 200 na 500 ziliachwa ziendelee, kwa hiyo mama mboga hakuguswa. Muda ulikuwa miezi 4, noti mpya zilikuwepo tangu mwanzo, na benki zilikuwa zikipokea hadi siku ya mwisho. Noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudi, na wenye nazo walibaki na karatasi. Pengine ndio waliokusudiwa.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Swali la kama wafanyabiashara walazimishwe kupokea taslimu limekwisha kujibiwa kwa sheria katika sehemu kadhaa za dunia, na majibu hayo yana nusu ya ukweli. Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwenye duka, lakini jimbo la Massachusetts lina yake tangu 1978, New Jersey na miji ya Philadelphia na San Francisco wakafuata mwaka 2019, na jiji la New York mwaka 2020. Hoja yao ilikuwa ya haki: kaya kama 4 katika kila 100 nchini humo hazina akaunti ya benki, na miongoni mwa Wamarekani weusi idadi ni zaidi ya mara mbili. Mgahawa wa saladi unaopokea kadi tu huwa umekwisha kuchagua nani aingie na nani apite njia. Hoja hiyo ni nzuri, naikubali. Ila inawezekana kule kwa sababu mwenye mgahawa akipokea dola jioni anajua pa kuipeleka asubuhi.

Sweden walikwenda njia nyingine, na nadhani walielewa jambo ambalo wengi hawalioni. Huko duka linaweza kubandika tangazo mlangoni kwamba halipokei noti, na maduka mengi yamefanya hivyo. Lakini sheria ya huko inazibana benki kubwa: isizidi asilimia 0.3 ya wananchi wanaoishi zaidi ya kilomita 25 kutoka mahali pa kutolea pesa, na isizidi asilimia 1.22 waliozidi umbali huo kutoka mahali ambapo mfanyabiashara anaweza kuweka mauzo yake ya siku. Hesabu hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka isomwe mara mbili. Waliona kwamba mwenye duka huacha kupokea noti pale anapolazimika kusafiri nusu siku ili aziondoe dukani. Benki Kuu yao, Riksbank, imekuwa ikitaka wauzaji wa vyakula na dawa nao walazimishwe, na inawahimiza wananchi kuweka akiba kidogo ya noti nyumbani kwa siku ya dharura. Naona mpangilio huo ni sahihi: benki kwanza, duka baadaye.

Nao hawajamaliza. Julai 2021 mashambulizi ya kimtandao yaliyopitia programu ya kampuni ya Kaseya yaliwafanya Coop, wenye maduka ya vyakula nchini humo, wafunge maduka yapatayo 800 kwa mkupuo. Wapenzi wa taslimu hulitaja tukio hilo kama ushahidi wao, lakini wanalisoma vibaya. Kilichokufa siku hiyo kilikuwa mashine za kaunta zenyewe. Mteja mwenye noti mkononi hakuweza kununua maziwa zaidi ya mwenye kadi, kwa kuwa droo haikufunguka. Sheria inayosema pokea taslimu, bila kuuliza kama duka linaweza kuuza kwa kalamu na karatasi umeme ukikatika, inalinda jina la taslimu tu.

Turudi kwetu. Mwenye genge wa Manzese au Kongowea hajawahi kukataa noti, na kumtungia sheria ni kupoteza wino. Kenya ilijaribu kinyume chake mwaka 2014, ilipoagiza nauli za matatu zilipwe kwa kadi. Google pamoja na benki ya Equity walikuwa na kadi ya BebaPay tangu 2013, na kadi nyingine zikafuata. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa, na nauli zikabaki mkononi mwa makanga. Nauli ya matatu hupanda mvua ikinyesha, hushuka saa za mchana, na ndani yake hutoka posho ya dereva, ya makanga, na ya askari wa barabarani ambayo hakuna kadi itakayoiandika. Noti ilikuwa inafanya kazi ambazo wabuni wa kadi hawakuziuliza.

Kwetu anayekataa noti kwa uhakika zaidi ni serikali yenyewe. Ukitaka pasipoti, leseni au huduma nyingine Kenya, unaelekezwa eCitizen, na malipo yanapita kwa namba 222222. Mwishoni mwa Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan lilishambulia mfumo huo, wenye huduma zaidi ya 5,000. Ukataji wa tiketi za treni ukavurugika, ununuzi wa umeme ukasumbua, na waliozoea kutoka nyumbani na simu peke yake wakakwama. Tanzania kuna namba ya malipo ya serikali, na tukiri kwamba mpango huo una busara yake: mwenye noti anaweza kwenda benki au kwa wakala akalipia pale, na karani wa ofisi hagusi pesa, hivyo hapati nafasi ya kuitia mfukoni. Wizi ulipungua mahali pengi kwa njia hiyo, na sitamani kurudishiwa dirisha la zamani la risiti mbili.

Lakini angalia tulichokifanya. Kati ya raia na serikali yake tumemweka wakala, na wakala ni mfanyabiashara. Siku nyingine hana float. Siku nyingine mtandao unasumbua. Kuingiza pesa kwenye simu ni bure, kuitoa kuna makato, kwa hiyo mwenye noti anavutwa kuingia na kulipishwa kutoka. Tozo za miamala ya simu za Tanzania za Julai 2021 zilionyesha upande huo ulivyo mwepesi kuumiza: ndani ya wiki chache watu walianza kubeba noti kwenye bahasha na kuwakabidhi madereva wa mabasi, mpaka serikali ikapunguza tozo hizo kwa asilimia 30 mwezi Septemba, kisha ikaendelea kuzipunguza. Wakati ule noti ilikuwepo, ikawa pa kukimbilia. Wanaijeria wa Februari 2023 walikatwa na wakala huku hawana pa kukimbilia, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kero na janga.

Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bei kutajwa na malipo kupokewa kwa fedha za kigeni, na kukataa malipo kwa shilingi kukawa kosa. Walengwa walikuwa wenye nyumba na hoteli za dola. Shilingi ya kwenye simu nayo ni shilingi, hivyo duka linalosema lipa namba tu linaweza kubishana mahakamani kwamba halijaikataa sarafu ya nchi. Siku moja wakili mjanja atalijaribu hilo, na ingekuwa vyema Bunge limalize jambo kabla yake.

Kama ningeulizwa niandike sheria hiyo, nisingeanza na duka. Ningeanza na kaunta ya serikali, hospitali ya umma, kivuko na kituo cha basi, mahali ambapo raia hana mlango wa pili wa kwenda. Kadi iwepo, lakini mwenye noti asirudishwe nyumbani. Halafu benki na makampuni ya simu: mfanyabiashara aweze kuweka mauzo ya siku karibu na anapofanyia kazi, kila siku ya kazi, na Benki Kuu ikitangaza jambo lolote kuhusu noti, maelekezo ya maandishi yawe yamefika kwenye matawi kabla waandishi wa habari hawajaitwa. Baada ya hapo ndipo ningewagusa wenye maduka makubwa ya vyakula, dawa na mafuta.

Nao wana hoja zao, tusiwapuuze. Chenji ni shida ya kweli. Mteja anayelipa soda kwa noti ya 10,000 saa 1 asubuhi anamwachia muuzaji kazi ya kuzunguka mtaa mzima, na ndiyo maana tumezoea kurudishiwa pipi badala ya sarafu. Benki zinazonung'unika kutoa sarafu ndizo za kubanwa hapo. Noti bandia zipo. Vibarua wa kaunta huchota. Na jambazi hafuati simu ya lipa namba, anafuata droo. Denmark, ambayo inawalazimisha wafanyabiashara kupokea taslimu, imewaruhusu kukataa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na maeneo yenye uhalifu mwingi wanaanza saa 2. Kituo cha mafuta cha barabara ya Morogoro au Mombasa kinastahili ruhusa kama hiyo, mradi ikifika saa 12 droo ifunguliwe, na tawi la benki lililo karibu liwe tayari kuyapokea mauzo ya siku hiyo bila maswali.